Picha ipi ya setilaiti ya kuchorea ramani ya vivungulio? Landsat, Sentinel, Planet na WorldView zikiwekwa bega kwa bega

Kabla hujafungua tovuti yoyote ya picha za setilaiti, chukua tepu ya fundi uende shambani ukapime upana wa kivungulio, yaani grinihausi. Si urefu, upana. Kipimo hicho kimoja kitakuamulia mambo mengi kuliko sifa zote ambazo wauzaji wa picha huzitangaza.

Mimi nilijifunza hivyo Kiserian, Kaunti ya Kajiado, kwa mama mmoja anayelima nyanya. Kivungulio chake ni cha aina ile unayoiona kila mahali: nguzo za mbao, karatasi ya polithini iliyofifia kwa jua, mita 8 kwa 15, tangi la maji juu ya jukwaa na mipira ya matone ndani. Tulipomaliza kupima aliniuliza, "Mwanangu, na hiyo setilaiti yenu inaziona nyanya zangu?" Nikafungua kompyuta nikamwonyesha picha ya Sentinel-2 ya Januari. Mahali pa kivungulio chake palikuwa na vijiraba vichache vya kijivu, havina tofauti na ua wa jirani uliokauka. Nikamwambia, "Mama, haioni vizuri hata karatasi yenyewe." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi kaunti ikihesabu kwa hiyo, mimi simo."

Maneno yake ndiyo yaliyonifanya niandike ulinganisho huu. Wengi wetu tunachagua picha kwa sababu ni za bure au kwa sababu ndizo tulizofundishwa chuoni, halafu tunatoa ramani inayoonyesha mashamba makubwa ya maua kwa usahihi wa kupendeza na kuwafuta wakulima wadogo wote. Msomaji wa ramani hawezi kujua kwamba wamefutwa, maana mahali pao pamepakwa rangi ya "mashamba mengine" na kila kitu kinaonekana sawa.

Kuhusu jina: Kenya tunasema kivungulio, Tanzania wanasema kitalu nyumba, na mitaani kote ni grinihausi. Hapa nitatumia kivungulio.

Hesabu ya kwanza: pikseli ngapi?

Chukua kivungulio cha yule mama, mita za mraba 120, ukigawe kwa eneo la pikseli moja (nukta ya mraba inayounda picha) ya kila setilaiti. Bendi, utakazoziona kwenye jedwali, ni sehemu za mwanga ambazo kamera huzipima kila moja peke yake.

| Picha | Upande wa pikseli | Kivungulio cha 8 × 15 | Gharama |
|---|---|---|---|
| Landsat 8 na 9 | mita 30 | 0.13 ya pikseli | bure |
| Sentinel-2, bendi za mita 20 | mita 20 | 0.3 ya pikseli | bure |
| Sentinel-2, bendi za mita 10 | mita 10 | pikseli 1.2 | bure |
| PlanetScope | mita 3 hivi | pikseli 13 | ya kulipia |
| WorldView-3, picha ya rangi | mita 1.24 | pikseli 78 | ya kulipia |
| WorldView-3, nyeusi na nyeupe | sentimita 31 | zaidi ya 1,200 | ya kulipia |

Usidanganywe na ile 1.2 ya Sentinel-2. Kivungulio chenye upana wa mita 8 hakiwezi kujaza pikseli ya mita 10 hata ukikigeuza vipi. Kila pikseli kinayoigusa lazima ichanganye karatasi na kitu kingine: udongo, nyasi, kivuli cha mti, paa la jikoni. Kikikaa vibaya juu ya gridi, kinaweza kugawanywa kwenye pikseli sita, na hakuna hata moja inayobaki na sura ya plastiki. Hilo ndilo lililotokea Kiserian. Hakuna algoridhimu itakayoirudisha habari ambayo kamera haikuichukua.

Sasa peleka hesabu hiyohiyo kusini mwa Ziwa Naivasha, kando ya Barabara ya Moi South Lake, kwenye waridi. Vivungulio vya huko vimeunganishwa paa kwa paa hadi kufika hekta moja, mbili, na zaidi. Hekta moja ni pikseli 100 za mita 10, au 25 za mita 20, au 11 za Landsat. Hapo pikseli za pembeni zinachanganyika, lakini za katikati ni plastiki tupu. Kwa hiyo ni mazao yaleyale ya chini ya plastiki, nchi moja, na picha inayofaa kwa huyu haifai kwa yule.

Sentinel-2: chaguo langu kwa mashamba makubwa

Kama unachora Naivasha, Thika, Timau, au mashamba ya maua ya Usa River upande wa Arusha, sioni sababu ya kununua picha. Sentinel-2 ya Umoja wa Ulaya ilianza na setilaiti ya Juni 2015, ikaongezwa ya pili Machi 2017, na zikiwa mbili hupita juu ya sehemu moja kila baada ya siku 5. Kila mpito unafunika upana wa kilomita 290, kwa hiyo picha chache zinameza nchi nzima ya maua. Ina bendi 13. Unaweza kuipakua bure kwenye mfumo wa Copernicus au kuichakata mtandaoni ndani ya Google Earth Engine bila kujaza diski yako.

Kinachoipa nguvu ni bendi tatu zilizokaa mpakani kati ya nyekundu na infraredi ya karibu (mwanga usioonekana kwa macho), B5, B6 na B7. Karatasi ya kivungulio hupitisha mwanga, ndiyo kazi yake. Waridi lililo chini yake ni hai, na jani hai hurudisha infraredi kwa wingi. Mwanga huo unapenya karatasi ukirudi juu, umepungua lakini upo. Kwa hiyo kivungulio chenye mmea kinameremeta kama plastiki na wakati huohuo kinapanda kwenye mpaka wa nyekundu kama shamba. Bati halipandi hivyo. Kumbuka hilo, maana bati ndilo adui mkubwa wa ramani hizi Afrika Mashariki.

Nililijua kwa njia ngumu. Ramani yangu ya kwanza ya Naivasha ilipaka Karagita karibu yote rangi ya kivungulio. Karagita ni mtaa wanakoishi wafanyakazi wengi wa mashamba ya maua, umekaa karibu kabisa na mashamba yenyewe, mapaa ya mabati yamebanana. Nilikuwa nimetumia picha moja ya tarehe moja na kipimo kimoja, ule uwiano wa infraredi ya mawimbi mafupi na nyekundu uliobuniwa kwa ajili ya mashamba ya karatasi za kutandaza ardhini huko Xinjiang, China. Kule Xinjiang shida ni kutofautisha plastiki na udongo wa jangwani, na kipimo kinafanya kazi hiyo. Hakikutengenezwa kwa mtaa wa mabati, na kiwango cha kukatia (namba inayotenga plastiki na kisicho plastiki) nilikichukua kama kilivyo bila kukijaribu hapa.

Mambo mawili yalinitoa. La kwanza ni kuingiza bendi za mpaka wa nyekundu. La pili, lenye uzito zaidi, ni kuacha kutegemea tarehe moja. Bati la Januari ni bati la Agosti. Kivungulio hubadilika: karatasi mpya inang'aa, vumbi linaifubaza, mvua inaiosha, mmea unakua na kukatwa, na baada ya miaka mitatu hivi karatasi inachakaa na kubadilishwa. Nilichukua picha za mwaka mzima, nikatoa wastani na kiasi cha kubadilika kwa kila pikseli, nikaviingiza vyote kwenye mbinu ya miti mingi ya maamuzi inayopiga kura. Sehemu kubwa ya Karagita ikarudi kuwa makazi.

Kuna tahadhari mbili kuhusu Sentinel-2. Bendi za infraredi ya mawimbi mafupi, B11 na B12, zina pikseli ya mita 20. Programu itazigawa ziwe za mita 10 bila kukuuliza, na ramani itaonekana kali kuliko ilivyo. Ukitumia kipimo chochote kinachozihusisha, ukali wako halisi ni mita 20, useme hivyo kwenye maelezo ya ramani.

Tahadhari ya pili ni mawingu, na hapa kuijua nchi kunasaidia kuliko kuijua programu. Setilaiti hii hupita kwetu karibu saa tano asubuhi. Juni hadi Agosti, Kiambu na Limuru huwa chini ya lile blanketi la kijivu la msimu wa baridi asubuhi nzima, ilhali Naivasha chini bondeni kumekuwa kweupe. Ukichuja picha kwa kiwango cha mawingu cha picha nzima, utatupa tarehe nzuri za Naivasha kwa sababu ya mawingu ya Limuru. Chuja kwa eneo lako tu. Kwa nyanda za juu za kati, Januari na Februari ndiyo miezi ya kuitegemea.

Landsat: usiitumie kuhesabu leo, itumie kukumbuka jana

Kwa ramani ya mwaka huu, Landsat ya Marekani haishindani na Sentinel-2. Pikseli ya mita 30 ni kubwa, na hata setilaiti 8 na 9 zikishirikiana utapata picha kila siku 8. Lakini Sentinel-2 haina picha hata moja ya kabla ya 2015, na Naivasha ilikuwa imeshajaa plastiki muda mrefu kabla ya hapo. Kilimo cha maua cha kibiashara kando ya ziwa kilianza mwishoni mwa miaka ya 1960, na ziwa likaingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu mwaka 1995. Anayetaka kujua vivungulio viliongezeka lini, na vilisogea vipi ziwa lilipopungua na kujaa, hana pengine pa kwenda.

Landsat 5 ilirushwa 1984 ikafanya kazi hadi 2013. Kumbukumbu yote imekuwa bure tangu 2008. Usitarajie picha ya kila mwaka, maana kwa Afrika Mashariki za miaka ya 1990 ni chache. Landsat 7 nayo, tangu Mei 31, 2003 ilipoharibikiwa na kifaa cha kusawazisha mistari, ilikosa takriban asilimia 22 ya kila picha, kwa michirizi myeusi inayopanuka kuelekea kingo. Jaza michirizi hiyo kwa picha ya tarehe ya karibu, na usipime eneo kwenye picha moja ya aina hiyo.

Kwa kazi hii ninapendekeza usihesabu pikseli moja moja. Anza na ramani nzuri ya leo ya Sentinel-2, chukua kila eneo la vivungulio lililokwisha thibitishwa, kisha rudi nyuma kwenye Landsat ukitafuta mwaka ambao mwonekano wake ulibadilika kutoka shamba kuwa plastiki. Swali linakuwa "lini?" badala ya "wapi?", na Landsat ina uwezo wa kujibu "lini" hata kama macho yake ni mazito. Kitakachokukosesha ni vivungulio vilivyokuwepo zamani vikang'olewa, kwa hiyo pitia kwa jicho pia maeneo ya ufukweni ambayo sasa ni maji.

Planet: hapa ndipo mkulima mdogo anapoanza kuonekana

Kundi la setilaiti ndogo za kampuni ya Planet hupiga picha karibu kila siku kwa pikseli ya mita 3 hivi. Kivungulio cha Kiserian kinakuwa pikseli 13, na kadhaa kati yake ziko ndani kabisa bila kugusa ukingo. Ni mstatili mdogo, lakini ni mstatili. Umbo linaanza kusaidia: kivungulio kina pembe, kina urefu unaozidi upana, kimesimama peke yake shambani.

Mwaka 2024 watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Copenhagen walitoa makadirio ya vivungulio vya dunia nzima kwa kutumia picha hizi. Walipata hekta milioni 1.3 kwa mwaka 2019, na asilimia 60 yake iko China. Hawakuchagua Planet kwa fahari. Vivungulio vingi vya dunia si mashamba ya waridi ya hekta kumi, ni vya watu wadogo.

Tatizo ni gharama. Kuanzia 2020 serikali ya Norwei iligharamia picha za Planet kwa nchi za tropiki, zikiwa zimeunganishwa mwezi kwa mwezi kwa pikseli ya mita 4.77, na wengi wetu tulizizoea. Awamu ile ilifungwa Januari 2025. Kama ulipakua picha hizo za mwezi wakati ule, zitunze kama mbegu, maana kwa ukubwa huo kivungulio cha 8 kwa 15 ni pikseli tano, na tano ni bora kuliko moja na kidogo. Kwa wanafunzi na watafiti wa vyuo kuna mpango wa Planet wa elimu na utafiti unaotoa kiasi fulani kila mwezi. Omba mapema, na usiutumie kupakua kaunti nzima. Pakua vipande vichache ulivyovichagua kwa bahati nasibu. Nitaeleza sababu hapa chini.

Udhaifu mwingine wa Planet ni kwamba haina infraredi ya mawimbi mafupi kabisa. Kwa hiyo vile vipimo vya plastiki unavyovisoma kwenye majarida, vingi havifanyi kazi hapa. Utategemea rangi, infraredi ya karibu, umbo na mabadiliko ya siku kwa siku. Na kwa kuwa setilaiti ni nyingi, rangi za leo na za kesho hazilingani kikamilifu. Sawazisha kabla ya kulinganisha tarehe.

WorldView-3 na picha kali nyingine

Watu husema WorldView-3 ni bora kwa sababu ya zile sentimita 31. Ni kweli kwamba kwa ukali huo unahesabu vivungulio kimoja kimoja na kuona hata karatasi iliyochanika. Lakini kwangu mimi utajiri wake uko pengine. Plastiki ya polithini imetokana na mafuta, na minyororo yake ya kaboni na haidrojeni humeza mwanga kwenye nanomita 1,730 hivi. Ni alama ya plastiki yenyewe, si ya weupe wala ya kung'aa. Bati lisilopakwa rangi haliwezi kuiiga. Bendi ya B11 ya Sentinel-2 iko katikati ya nanomita 1,610, imeikosa. Landsat 8 na 9 nazo zimeikosa. WorldView-3, iliyorushwa Agosti 2014, ina bendi nane za infraredi ya mawimbi mafupi zenye pikseli ya mita 3.7, na mojawapo imekaa palepale 1,730.

Kwa hiyo kama una pesa ya kununua eneo dogo, na eneo lako ni mchanganyiko mbaya wa mabati na vivungulio, uliza kwanza kama bendi hizo zinapatikana kwenye tarehe unayoitaka. Huuzwa kando na picha ya kawaida. Mtu akinunua picha ya rangi peke yake kwa ajili ya kutambua plastiki, amelipia ukali na kuiacha dukani ile habari aliyoihitaji.

Kuna setilaiti za bendi mamia kama PRISMA ya Italia na EnMAP ya Ujerumani ambazo nazo zinaiona alama hiyo, na watafiti hupewa bure. Pikseli yao ni mita 30, hivyo ni za mashamba makubwa tu.

Usisahau njia ya mkono. Google Earth ya kwenye kompyuta ina picha kali za miaka mbalimbali, na kwa wadi moja au mbili mtu mwenye subira anaweza kuvitia alama vivungulio vyote kwa macho katika siku chache. Nimeona miradi ikitumia miezi kufundisha mashine kazi ambayo wasichana wawili na wavulana wawili wa chuo wangeimaliza kwa wiki. Angalia tu tarehe ya kila kipande, maana picha mbili zilizopakana huweza kutofautiana kwa miaka.

Rada: msaidizi, si kiongozi

Sentinel-1, setilaiti ya rada, hupenya mawingu, na kwa yeyote aliyesubiri picha ya Kiambu mwezi wa Julai hilo linavutia. Lakini jua inachokiona. Mawimbi yake ya sentimita 5.6 hupita kwenye karatasi ya plastiki kana kwamba haipo. Kinachorudi ni mwangwi wa fremu za chuma, nyaya na mimea ya ndani. Vivungulio vya chuma vya mashamba makubwa vinang'aa, hasa mistari yake ikielekeana na setilaiti. Vya nguzo za mbao havitoi chochote cha kutegemea. Na mtaa wa mabati unang'aa kuliko vyote.

Rada itakusaidia kutenganisha kivungulio na udongo mtupu au karatasi iliyotandazwa ardhini, lakini haitakutoa kwenye shida ya Karagita. Mimi huiongeza kama bendi ya ziada, na huitegemea kwa jambo moja: ukingo wa maji. Ziwa Naivasha lilipofurika 2020 na kuingia mtaa wa Kihoto, rada ndiyo iliyoonyesha maji yamefika wapi bila kungoja anga litakate.

Usibebe kipimo cha kwingine bila kukionja

Almería, kusini mwa Hispania, kuna zaidi ya hekta 30,000 za vivungulio vilivyobanana hadi nyanda za Campo de Dalías zinaonekana nyeupe kutoka angani. Tafiti nyingi zinazosomwa na wanafunzi wetu zimefanyiwa huko. Wakulima wa kule hupaka mapaa chokaa kiangazi ili kupunguza joto, kisha huosha. Kivungulio kilekile kina sura mbili kwa mwaka, na kiwango kilichopimwa wakati wa baridi hukosea wakati wa joto. Kwetu hakuna kiangazi cha namna hiyo, tuna masika na vuli, na sura ya karatasi hufuata vumbi na mvua. Chukua wazo lao, kisha pima kiwango chako mwenyewe kwa vivungulio ulivyovitembelea.

Karatasi za kutandaza chini ya stroberi au nyanya zina kalenda yake. Zinaonekana kuanzia siku ya kutandazwa hadi majani yafunike tuta, wiki chache tu. Hapo kasi ya picha ina thamani kuliko ukali: Sentinel-2 ya kila siku 5, au Planet, na tarehe za kupanda kutoka kwa wakulima wenyewe.

Eneo halihesabiwi kwa kujumlisha pikseli

Hapa ndipo wakulima wadogo hupotea mara ya pili. Tuseme ramani yako inasema kuna hekta 2,000 za vivungulio na hekta 40,000 zisizo vivungulio. Unachagua pointi 100 kwa bahati nasibu ndani ya kundi la kwanza, unazikagua kwa picha kali, unakuta 85 ni kweli. Hekta 2,000 zimekuwa 1,700. Halafu unachagua pointi 200 kwenye kundi la pili, unakuta mbili zimeangukia vivungulio vilivyorukwa. Mbili tu. Lakini ni asilimia 1 ya hekta 40,000, yaani hekta 400. Makadirio yako sasa ni 2,100, na karibu sehemu moja ya tano ya vivungulio vyote imejificha mahali ramani ilipoandika "hakuna". Kwa kuwa pointi mbili ni chache mno kubeba uzito huo, ongeza pointi kwenye kundi hilo la pili, hasa maeneo ya mashamba madogo.

Ndiyo sababu nilisema utumie Planet au picha kali kwa vipande vya bahati nasibu badala ya kaunti nzima. Sentinel-2 ikuchoree ramani, na vipande vile vikueleze ramani imekosa kiasi gani. Unalipia sehemu ndogo na unapata jibu linalowahesabu watu wote.

Kwa hiyo uchague nini

Mashamba ya maua, maeneo ya kuanzia nusu hekta: Sentinel-2 ya mwaka mzima, bila kulipa kitu. Historia ya mashamba hayo: ongeza Landsat. Vivungulio vya wakulima wadogo katika kaunti nzima: Sentinel-2 haitoshi, changanya na vipande vya Planet na ukague shambani. Wadi moja: macho yako na Google Earth. Mtaa wa mabati uliochangamana na plastiki, na pesa ipo: WorldView-3 pamoja na bendi zake za mawimbi mafupi. Na ukiambiwa chombo kimoja kinafaa kwa yote haya, muulize anayekuambia amepima kivungulio cha upana gani.

Nilirudi Kiserian baadaye na picha ya mita 3 niliyoichapisha kwenye karatasi kubwa. Mama aliitafuta nyumba yake kwa kufuata barabara, akafika kwenye mstatili mweupe, akacheka kwa furaha. Kisha akasogeza kidole upande wa pili wa ua. "Na cha baba Njoroge? Mbona hamjakichora?" Nikatazama. Palikuwa na kijiraba cheusi ambacho nilikuwa nimekiita kivuli cha miti. Tukaenda wote hadi pale. Ilikuwa neti nyeusi ya kivuli, mita 10 kwa 20, na ndani yake miche ya hoho. Nikafungua daftari nikaongeza kundi jipya kwenye orodha yangu: neti.